Sauti Iliyolala Kanyosha

Tulipokimbia kutoka ng'ambo ya ziwa, mama yangu aliigawa chumvi ya nyumba mafungu mawili. Fungu moja nilibeba mimi, la pili alibeba kaka yangu, na tukapitishwa njia tofauti. Baadaye, katika masomo ya Biblia, nilimkuta mzee aliyegawanya msafara wake makundi mawili kwa hofu ya ndugu yake, ili moja likipigwa jingine liokoke, nikacheka. Mama hakujua kusoma, lakini hilo alilijua.

Kwa hiyo kanisa letu la Kinama liliponunua kompyuta ya kutunzia nyimbo na mahubiri, niliomba yote yanakiliwe kila Jumapili kwenye diski mbili. Moja ingebaki kanisani. Nyingine ingelala Kanyosha, upande wa pili wa mji, kwa mama mmoja wa kwaya anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani. Tulipatana pia kwamba siku ya shughuli kubwa, simu zikikatika, asingoje kuitwa. Aje tu na diski. Mara kwa mara tulizima umeme na mtandao makusudi, tukajaribu kurudisha wimbo mmoja kutoka diski ya Kanyosha.

"Papa muzee," kiongozi wa kwaya alinitania, "we unaogopa umeme kuliko shetani!"

"Shetani namujua njia zake," nikamjibu. "Umeme wa Kinama, apana."

Kisha shemasi wetu akaugua. Alipoona hatapona, aliniomba nirekodi maneno ya baraka kwa watoto wake, yasikilizwe siku ya kuondoa matanga, wakati familia inapovua msiba na kurudi kwenye maisha. Mjane wake hakutaka kuyasikia kabla ya siku hiyo. Alituachia sisi tuyatunze. Mtoto wao wa mwisho alikuwa bado hajajua kusema "baba" shemasi alipofariki.

Siku ikafika. Viti vilikwisha kupangwa uani kwa kanisa umeme ulipokatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikatoa harufu ya kuungua. Nilikimbilia diski ya kanisa, nikaikuta imechomekwa pale pale. Kiongozi wa kwaya alikuwa akiiacha hapo ili asihangaike kuitafuta kila Jumapili. Nayo ilikuwa imekufa.

"Si kitu, papa. Niliweka na ku internet," kiongozi wa kwaya akasema.

Akatoa simu. Mtandao hakuna, mtaa mzima. Akakaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa.

Mjane akatujia akiwa bado na nguo zake za msiba. "Papa, kuko nini?"

Nilimwambia kweli yote.

"Basi watoto wangu watatoka matanga bila baraka ya baba yao?"

"Mama, tungoje. Kuna mutu anakuja."

"Mumemuita?"

"Apana. Simu haziendi."

Alinitazama kama mtu anayetazama mzee aliyeanza kupotewa na akili. Nilimwomba mchungaji aanze na nyimbo, na aziongeze. Siku zile mafuta yalikuwa hayapatikani mjini na mabasi yalikuwa yamelala. Niliomba kimoyomoyo, si kwa ajili ya diski, bali kwa ajili ya miguu ya mama wa Kanyosha.

Tulikuwa tumerudia wimbo wa pili alipoingia langoni, vumbi hadi magotini, diski imefungwa kwa kitenge mgongoni kama mtoto mchanga.

"Nilipiga simu tangu asubuhi, kimya!" akasema kwa sauti. "Nikajua ni ile siku. Kama ni mazoezi yenu tena, leo mutanibeba kunirudisha!"

"Leo si mazoezi, mama."

Tuliichomeka kwenye kompyuta ndogo ya mchungaji na spika ya betri. Mikono yangu ilijua kazi hiyo, kwa kuwa ilikuwa imeifanya mara nyingi. Shemasi akakohoa, akacheka kidogo, akaanza kuwabariki watoto wake mmoja mmoja. Alipofika kwa yule wa mwisho, mtoto aliondoka mapajani mwa mama yake, akaenda kuweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo mpaka sauti ikaisha.

Mjane akafungua kitambaa cha msiba kichwani. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani hata Kajaga, mbali nje ya mji, walivisikia. Mungu asifiwe.

Tukiwa mezani, mama wa Kanyosha alisimama nyuma yangu, mdomo umejaa wali.

"Diski yangu iko wapi? Ile inalala kwangu."

Kiongozi wa kwaya ndiye aliyeichomoa, akamfungia kwenye kitenge kwa mikono yake mwenyewe.