Stroberi za Mama Agnes

Anastasia alizaliwa juu kabisa Uluguru, mahali ambapo asubuhi za kipupwe mtu hutoka nje amejifunika gubigubi. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Mumewe, Dominiko, ndiye aliyehamia kwake. Alifanya kazi katika bustani ya mapadre, na siku moja alirudi na machipukizi ya stroberi aliyopewa huko, yamefungwa kwenye jani la mgomba pamoja na udongo wake.

Waliyapanda nyuma ya nyumba, lakini Anastasia ndiye aliyenogewa nayo. Aliyatilia samadi ya mbuzi, akatandaza nyasi kavu chini ya majani ili matunda yasilale udongoni yakaoza. Jirani yake Scholastika alicheka.

"Mama Agnes, mmea gani huu unatambaa kama kiazi, na kiazi chenyewe hauna?"

Matunda yakiiva, Anastasia alimlisha kwanza binti yake, Agnes. Yaliyobaki aliyateremsha Morogoro kwa bibi mmoja wa Kijerumani, mke wa ofisa, aliyekuwa akiyala palepale barazani bila hata kuyaosha.

Kisha vita na Waingereza vikawazidi Wajerumani, na wapagazi wa jeshi wakaanza kusakwa hata milimani. Askari walimkuta Dominiko akipalilia tuta. Hawakumpiga. Walimfunga kamba shingoni pamoja na wanaume wengine wa kijiji, wakashuka nao.

Alfajiri iliyofuata Anastasia alichuma kila lililoiva na kila lililokaribia kuiva, akajaza kikapu. Agnes alimwacha kwa Scholastika. Njia nzima alijipa moyo kwamba bibi yule atamsemea Dominiko kwa yule ofisa, mumewe.

Alimkuta amesimama katikati ya masanduku ya safari, nyumba imevurugika.

"Shikamoo, bibi. Wamemchukua Baba Agnes. Nakuomba umwambie bwana wamrudishe."

Bibi alipokea kikapu, akatia stroberi moja mdomoni. "Bwana amekwenda vitani," alisema. "Mimi sijui yuko wapi. Hapa hakuna mtu wa kumwambia."

Akamrudishia kikapu. Anastasia alimchukia, na papo hapo akamwonea huruma. Akaondoka bila kuaga.

Wapagazi aliwakuta nje ya mji, wameketishwa kando ya njia, mizigo ya risasi mbele yao. Askari mmoja mtu mzima, Abasi, alimtazama, akatazama na kikapu.

"Mpe upesi, mama. Tunaondoka."

Dominiko hakula peke yake. Alipitisha kikapu kwa wenzake wa kamba, kila mmoja akachukua chake, hata kikamrudia na matunda machache.

"Mbona umechuma na mabichi?" aliuliza.

"Niliogopa sitakuwahi."

Akatafuna moja bichi, akakunja uso, akatabasamu. "Mvua zikianza, uyahamishe machipukizi. Tuta lile limechoka."

"Utayahamisha mwenyewe."

Dominiko alimrudishia kikapu. Abasi aliamuru wasimame, wakajitwika mizigo.

Mwaka uliofuata njaa iliingia. Jeshi moja lilikuwa limekomba maghala, na lililolifuata likakomba yaliyosalia. Agnes akaanza kuvimba miguu. Anastasia alisimama na jembe mbele ya tuta kwa muda mrefu, kisha akazing'oa stroberi zote, akapanda maharage. Alilima huku machozi yakimdondoka, wala hakuyafuta. Tunda tamu halishibishi mtoto. Maharage yale ndiyo yaliyomvusha Agnes.

Mwisho akaja mtu wa Mikese aliyeitwa Yunusi, amekonda, anatembelea fimbo. Alikuwa katika kamba moja na Dominiko. Anastasia alimkalisha, akampikia, akamngoja amalize kula.

"Sema sasa, ndugu yangu."

"Homa, dada. Ng'ambo ya Rufiji. Alikuwa bado na mzigo kichwani alipoanguka."

"Mlimzika?"

"Jembe hatukuwa nalo. Tulimfunika kwa mawe, mengi kadiri tulivyoweza. Tulikuwa tunaharakishwa."

Anastasia alimshukuru, akaosha sahani, akaifunika. Ndipo alipopiga ukunga, na Scholastika akawa wa kwanza kufika. Wanawake walijaa uani, lakini kwa kuwa hakukuwa na maiti wala kaburi, hawakujua waelekee wapi. Yunusi aliinua fimbo yake akawaonyesha kusini, nyuma ya milima. Wakageuka wote upande huo, wakakaa chini, wakalia.