Masikio ya Fundi Gildo

Jina lake kamili lilikuwa Leovigildo Sarduy, ila Versalles nzima, ule mtaa wa ng'ambo ya mto pale mjini Matanzas, ilimjua kama Gildo. Alikuwa na miaka sitini na minne, mikono yenye weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni yoyote, na sifa moja iliyomlisha maisha yake yote: ukimletea gari, analisikiliza tu. Haulizi kitu. Anainamisha kichwa, anakwambia vali ya tatu imelegea, na ukifungua unaikuta imelegea kweli. Magari ya Matanzas ni makongwe kuliko wanaoyaendesha, na kila moja limepandikizwa vipande vya magari mengine matano. Hakuna kitabu kitakachokueleza lina nini, ndiyo maana watu walimkimbilia Gildo na masikio yake.

Sasa masikio hayo yalikuwa yanamtupa mkono. Mwaka wa pili huo alikuwa hasikii vizuri, na aliyejua ni mkewe Zenaida peke yake. Naye hakuambiwa. Alijua mwenyewe siku sufuria ya presha ilipopiga filimbi mpaka maharage yakaungua, na bwana kakaa pembeni yake anakunywa kahawa, raha mustarehe. Tangu siku hiyo Zenaida hakumpa pumzi: sema, mzee wangu, waambie watu, si aibu. Gildo alimjibu kwamba aseme ili iweje? Nani atampa kiziwi injini yake? Kazi ikimtoka atabaki kukaa kibarazani kuhesabu wapita njia, na hilo lilimtisha kuliko kaburi.

Basi akawa anajikaza. Aliuma mpini wa bisibisi ndefu kwa meno, ncha akaigusisha kwenye injini, mtikisiko ukampanda tayani hadi kichwani, na watu wakadhani ni mbwembwe za ufundi. Mtu akimsemesha asimpate, alitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndiyo, najua."

Na hiyo ndiyo-ndiyo yake ndiyo iliyomponza.

Jumatatu asubuhi aliingia Onelia, mjane anayebeba abiria kati ya Matanzas na Cárdenas kwa gari lake la mwaka hamsini na tatu, la rangi ya samawati, analoliita Mnene. Mnene alikuwa anawaka vizuri, anakwenda dakika chache, anazima. Ukingoja kidogo anawaka tena, kisha anazima tena. Hilo Gildo alilipata. Halafu akainama ndani ya boneti, na Onelia, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaendelea kueleza nyuma ya mgongo wake robo saa nzima. Gildo akasema ndiyo, ndiyo, najua.

"Haya basi, fundi, kama unajua," Onelia akasema, akaenda zake.

Siku hiyo Gildo aliifungua kabureta akaisafisha kila tundu, maana petroli ya huko ina takataka za kila namna na fundi yeyote angeanzia hapo. Mnene akanguruma dakika saba, akazima. Jumanne akabadilisha plagi, akasugua platini za kupeleka moto kwenye plagi, akafungua pampu ya petroli na kuikatia utando mpya kutoka kwenye koti la mvua lililokwisha kazi. Dakika saba, kimya. Jumatano akaona asicheze tena na bahati. Alitundika chupa ya petroli kwenye boneti, akaunganisha mpira wake moja kwa moja na kabureta, akawa anaijaza kila ikipungua, na gari likanguruma kuanzia kahawa ya asubuhi hadi karibu na chakula cha mchana bila hata kukohoa. Kumbe injini haina neno, ugonjwa uko nyuma, upande wa tangi. Akalitoa bomba lote la petroli, akalipuliza mpaka macho yakamtoka. Lilikuwa safi. Akalirudisha, akawasha, na baada ya dakika saba Mnene akazima kama kawaida yake.

Hapo ndipo Onelia alipotokea, amefura. Safari hii alisimama uso kwa uso, kwa hiyo Gildo alimsoma mdomo akapata kila neno. Siku tatu hajabeba abiria. Kesho analivuta gari kwa Fermín, fundi wa mtaa wa chini.

"Watu wanasema umekwisha, Gildo," akasema. "Mimi nawabishia. Sasa niambie, niendelee kuwabishia kwa lipi?"

Lilimchoma, tusidanganyane. Angeweza kuomba siku moja zaidi. Alimtazama Zenaida aliyekuwa mlangoni na sahani ya wali na maharage. Alijifuta mikono kwa tambara, akajifuta tena.

"Onelia, ile Jumatatu uliniambia nini?"

"Si ulisema unajua?"

"Sikukusikia. Nilikuwa nimekupa mgongo. Mimi sisikii vizuri, mwaka wa pili huu. Huwa naitikia tu."

Gildo aliukazia macho mdomo wa Onelia akingoja ucheke. Haukucheka. Mwanamke alivuta ndoo, akaigeuza kichwa chini, akakaa mbele yake magoti yakigusana, akaanza upya, polepole. Ilianza Alhamisi iliyopita, kwenye mlima. Abiria walishuka wakasukuma, na bibi mmoja akamtukania mpaka marehemu mumewe.

"Na kila likizima, mimi wazo la kwanza ni wezi," akasema. "Nashuka, nafungua mfuniko wa tangi nione kama wameninyonya petroli. Unafanya psss, kama soda. Nachungulia, petroli ipo. Nafunga, nawasha, naondoka."

"Unafanya nini?"

"Psss. Kila mara. Nikasema moyoni, huyu Gildo kiboko, mfuniko umekamata kwelikweli."

Gildo aliugeukia mfuniko wa tangi. Mfuniko wa zamani uliibiwa, na huo mpya alikuwa ameuchonga yeye mwenyewe kwa alumini, Jumatano ya wiki iliyopita. Aliutia kufuli, akauzungushia mpira wa tyubu ya lori ili hata harufu isitoke, na alivyouona mzuri alimwonyesha Zenaida mara mbili. Lakini tangi linatakiwa kupumua. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Kila mfuniko una kitundu kidogo kwa kazi hiyo, amekiona miaka arobaini, na kwenye mfuniko wake akakisahau.

Alimwambia Onelia awashe, mwenyewe akalala chini ya gari, kiganja kwenye bati la tangi. Taratibu akalihisi linafyonzwa kwa ndani. Gari lilipozima alitoka, akafungua mfuniko, na upepo wa baridi ukapita kati ya vidole vyake kukimbilia ndani ya tangi. Sauti yake hakuisikia hata kidogo, wala hakuihitaji.

Angeweza kunyamaza hapo, na wapo ambao wangenyamaza.

"Kosa ni langu," akasema. "Mfuniko nimeutengeneza mimi, na sikuutoboa."

Alichukua keekee, akaweka ncha nyembamba kuliko zote, akatoboa. Onelia alipanda mlima mara tatu na kushuka mara tatu, akarudi akipiga honi, Mnene ananguruma chini yake.

"Kwa hiyo nimekaa njaa siku tatu kwa sababu umeziba vizuri mno," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Zenaida akampakulia.

Gildo alimsihi habari ya masikio ibaki hapohapo. Kumwomba Onelia afiche siri! Kabla jua halijazama, Versalles nzima ilikuwa nayo, na asubuhi yake Gildo alijifunika shuka gubigubi mpaka Zenaida alipolivuta. Getini kulikuwa na magari mawili. La kwanza lilikuwa la mwanamume mgeni, Eliécer wa mtaa wa Pueblo Nuevo, aliyeambiwa na Onelia kwamba hapa kuna fundi anayekiri kosa lake. Jamaa alimsogelea sikioni, akavuta pumzi, akaanza kupaza sauti kuhusu gia mpaka majirani wakachungulia.

Gildo alimshika bega, taratibu, akamsogeza mbele yake.

"Usijiumize koo, kaka," akamwambia. "Simama hapa nikuone mdomo. Haya, limeanza lini?"