Siku Tuliyokanyaga Bomu Njia ya Nyakabere

Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa Kifaransa Uvira. Shule ilipofungwa, walinda amani waliopiga kambi nje ya mji walinichukua niwe mkalimani wao, maana nilikuwa na Kiswahili, Kifuliiru na Kirundi, na wao hawakuwa na hata kimoja. Tulipanda uwanda wa Ruzizi kijiji hadi kijiji, wao wakiuliza, wakulima wakijibu, nami katikati nikikauka koo.

Gari lao sikulipenda. Lilikuwa refu hata ukahitaji ngazi kuingia, madirisha madogo ya kioo kinene, joto la tanuri. Viti vilining'inia kutoka juu kwa mikanda bila kugusa sakafu, basi mtu anayumba njia nzima. Dereva wake, sajenti mwenye mvi na Kifaransa cha kuokoteza, hakuwasha injini mpaka kila mmoja amejifunga mikanda kifuani na kiunoni na kuweka miguu juu ya chuma kidogo kilichokuwa mbele ya kiti, si sakafuni. Mimi mama wa watoto watatu, kuambiwa kila asubuhi niweke miguu vizuri kuliniudhi. Siku moja nilimwambia kwamba hata mama mzazi hakunisumbua hivyo.

Hakukasirika. Alitandika gunia chini, akaniomba nichungulie uvunguni mwa gari. Nilitegemea kuona chuma bapa. Kumbe tumbo lilichongoka katikati na kupanda pande zote mbili, kama tumbo la mtumbwi wa wavuvi wa Kalundu, bandari ya Uvira. Akanieleza, zaidi kwa mikono kuliko kwa maneno. Chini ya gari la kawaida, nguvu ya bomu hugonga sakafu bapa na kupanda na watu. Hapa inakuta chuma kimeinama, inateleza kwenda pembeni. Hata hivyo sakafu itaruka kidogo, na sakafu inayoruka huvunja miguu iliyoikanyaga. Ndiyo sababu ya vile viti na kile chuma. Mikanda ni ili kichwa kisigonge paa. Nikauliza habari ya magurudumu. Akasema hayo yaende zake, mradi watu wabaki.

Tangu siku hiyo nilijifunga bila kuambiwa.

Asubuhi tuliyokwenda Nyakabere tulikuwa watano: sajenti, askari watatu na mimi. Nilibeba sufuria ya sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa na kupikwa, kwa bibi mmoja wa pale aliyezoea kunikaribisha kwake. Sajenti aliifunga kwa kamba nyuma, akasema kitu kilicholegea ndani ya gari hugeuka jiwe.

Mlio sikuusikia. Nilihisi tu dunia imenyanyuliwa, ikaachiwa. Kisha vumbi, na kimya kama cha ndani ya maji. Nilitazama miguu yangu kwanza. Ilikuwapo yote miwili. Sajenti aligeuka akatuhesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu, akainua dole gumba. Askari mnene aliyekaa mbele yangu, uso mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeanguka ndani ya unga, alianza kucheka. Tukacheka sote, nami sikusikia hata kicheko changu.

Hakuna aliyeruhusiwa kushuka, maana bomu la pili lingeweza kuwa hatua moja tu kutoka hapo. Lakini kupitia kioo niliona watu wa kijiji wanakuja mbio kutusaidia. Nikafungua kifuniko cha juu, nikatoa kichwa, nikapiga kelele kwa Kirundi, lugha ya kijiji kile, wasimame. Walisimama. Baadaye waliapa kwamba sauti yangu ilifika hadi mji wa Kamanyola. Yule bibi alikuwa mbele, mdomo wake ukicheza bila mimi kumsikia. Kesho yake alinieleza alichokuwa akiuliza, kwa Kiswahili, kwa kuwa alipenda nikisikie Kiswahili chake:

“Mwalimu, weye iko muzima, ama ni roho yako ndiyo inasema?”

Alasiri wateguzi wa mabomu walitufungulia kijia, tukapita juu ya nyayo zao mmoja mmoja. Gurudumu la mbele lilikutwa katikati ya shamba la mihogo. Tumbo la gari lilikuwa jeusi, lakini halikupasuka. Mimi nilijiuma ulimi; sajenti alivimba kifundo cha mkono. Masikio yalirudi siku ya pili. Sombe ililiwa jioni ileile.

Lori la kuvuta lilichelewa siku mbili, basi tukawa wageni wa Nyakabere. Wateguzi walipokwisha kusafisha pale gari liliposimama, wanawake walitaka kuona lile tumbo. Nililala chini kwenye vumbi, nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Mmoja akauliza mbona magari yanayowapeleka sokoni Kamanyola hayatengenezwi hivyo. Nilimtafsiria sajenti. Akasema, “Mwambie ameuliza swali la haki.”

Wateguzi walipata mabomu mengine mawili, wakayaondoa, wakasafisha barabara mpaka mwisho wa mashamba. Walipoifungua, wanawake walitoka na vikapu vyao vya nyanya na mihogo. Sajenti alisimama kando, akaniuliza Warundi humtakiaje mtu safari njema. Nikamwambia: *urugendo rwiza*. Alilisema vibaya kiasi kwamba wote walisimama, wakatua vikapu chini, wakaanza kumfundisha.