Nilivyotia Saini Karatasi Tupu ya Afande

Nilitia saini karatasi tupu. Naanza na hilo, mwanangu, usije ukadhani anayekuonya ni mtu mwenye akili zake. Ndiyo, nakuita mwanangu, na miaka yangu kumi na saba na ndevu zangu tano. Wewe ni wa kidato cha kwanza, mimi ni wa cha nne. Bwenini humu mzee ni mimi. Kaa usikilize.

Nakumbuka ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa likizo. Mjomba wangu Masanja ana pikipiki, na kila Jumamosi hubeba machicha kutoka kwa akina mama wapika pombe wa mtaani kwetu Kahama, anampelekea mfuga nguruwe upande wa Bulyanhulu. Machicha ni yale makapi ya mtama yanayobaki pombe ikishachujwa. Nguruwe wanayapenda kuliko wewe unavyopenda wali wa Jumapili. Lakini yananuka! Kiroba kikivuja kikakulowesha, hata uwe mwanakwaya usiyeonja tone, kama mjomba, utanuka kilabu kizima.

Siku hiyo nilipanda nyuma, nimekumbatia kiroba. Njiani trafiki wawili wakatusimamisha. Hapo sina neno, kusimamisha ni kazi yao. Na mlevi simtetei. Tumemzika jirani yetu aliyegongwa na dereva aliyekuwa bwii saa nne asubuhi. Mlevi akamatwe, apimwe, ashtakiwe. Apimwe, nimesema.

"Shikamoo afande," nikaamkia.

Yule mkubwa hakuitikia. Alivuta hewa puani. "Umelewa wewe."

"Sinywi, afande. Ni machicha haya," mjomba akasema. "Lete kipimo nipulize."

"Kipimo kiko kituoni. Pua yangu inatosha."

Mimi na mdomo wangu: "Basi afande, na nguruwe wanuse. Wao ndio wanaomaliza kiroba."

Yule mdogo alicheka. Mkubwa hakucheka. Mdomo uliponza kichwa, tena kichwa chenyewe hakikuwa changu, kilikuwa cha mjomba.

Akaanza kupekua. Aling'oa kiti cha pikipiki. Akamwaga kiroba barabarani. Akatia mkono mfukoni mwa mjomba bila hata kusema anatafuta nini, akatoa simu, akaamuru ifunguliwe. Hebu niambie, pombe inafichwa kwenye meseji? Mke wa mjomba kaandika "ukirudi pitia chumvi," na mtu mzima mwenye sare anaisoma kwa sauti kama aliyekamata mtambo wa gongo! Hadi leo nikikumbuka damu inachemka. Na baada ya yote hayo hakukuta kitu.

Ndipo akatoa fomu. "We msomi, njoo ushuhudie upekuzi. Andika jina, tia saini hapa chini."

Juu ya hapo chini palikuwa na mistari mitupu. Sasa, saini yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi daftari zima la jiografia. Ina kitanzi, ina mkia, utadhani ya waziri. Na hakuna mtu aliyewahi kuniomba.

"Ng'wanawane," mjomba akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "subiri kwanza. Waandike, ndipo usome."

Sikusubiri. Nikasaini, na mkia nikaurefusha.

Wakachukua pikipiki, wakachukua simu, wakamchukua na mjomba. Stakabadhi hatukupewa. Nikabaki barabarani na machicha.

Nilimkimbilia mama, kwa kuwa mjomba ni kaka yake, tukaenda kituoni. Askari wa zamu akamsomea ile fomu: dereva amekutwa na chupa mbili za gongo, moja imenywewa nusu, mbele ya shahidi. Mbele ya shahidi! Shahidi ni mimi na mkia wangu. Mjomba angeweza kufungwa, leseni ikaenda, na kwake kuna watoto wanne wanaokula kwa pikipiki ile. Wazee husema majuto ni mjukuu. Mimi sijaoa, na siku hiyo nilikuwa na wajukuu ukumbi mzima.

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Alinisukuma hadi mbele ya mkuu wa kituo. "Mwambie ulichoona."

"Mkuu, sikuona chupa. Nilisaini karatasi ikiwa tupu."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna, mkuu. Nilitaka saini yangu ionekane."

"Kwa hiyo ulidanganya kule, au unadanganya hapa?"

Nilitafuta utani, sikuupata. "Kule nilikuwa mjinga, mkuu. Hizo chupa ziletwe tuzione."

Hazikuletwa. Kipimo kikatolewa, mjomba akapuliza, kikasoma sifuri. Na yule mkubwa akathubutu kusema, "Ilikuwepo asubuhi, imeshakwisha mwilini." Unaona ubaya wa kupima kwa pua? Hata sifuri yako ya haki inageuzwa ushahidi.

Mjomba alitoka jioni kwa dhamana, na kesi haikufika mahakamani. Pikipiki ilikaa kituoni wiki tatu, ikarudi bila betri. Aende kudai kwa karatasi ipi? Samahani hakuambiwa na mtu.

Basi sikia, mwanangu. Ukinywa, usiendeshe; hapo sheria na mimi tuko upande mmoja. Ukisimamishwa, simama, na ukiambiwa upulize, puliza, maana kukataa ni kujichimbia shimo. Ila omba upulize pale pale, jua likiwa shahidi. Wakipekua usishindane mikono. Uliza kwa adabu wanatafuta nini, na usitoe macho kwenye mikono yao. Kilichochukuliwa kiandikwe, nawe udai stakabadhi kabla hakijaondoka, iwe pikipiki, iwe simu. Simu ikitakiwa kufunguliwa, uliza ni kwa amri gani, na sauti yako iwe ya chini. Na ukiitwa kushuhudia, shuhudia ulichokiona. Pakiwa na mstari mtupu, ukatwe kwa kalamu kwanza, ndipo usaini. Haya si ujeuri. Sheria iliandikwa kwa ajili ya mjomba Masanja pia, ijapokuwa ananuka machicha.

Na utani wako ubaki nao hadi mtu wako atoke ndani.

Jioni ile, tulipofika nyumbani, mama alivua viatu, akakaa, akasema hivi, neno kwa neno: "Mimi niliishia la saba, na kitu ambacho sijasomewa sikitii hata kidole. Mungu akupe jicho jepesi na mkono mzito, mwanangu. Sasa nenda kwa mjomba wako ukapige magoti. Halafu mke wake umwambie wewe mwenyewe pikipiki iko wapi."