Mlango Uliofungwa wa Getruda

Getruda binti Luhende alikuwa mjane aliyekaanga vitumbua Ng'ambo, Tabora, kila asubuhi. Katika siku zote arobaini za Kwaresima ya mwaka 1950 hakuonja hata kimoja.

Jumapili ya kwanza ya mfungo ule tulitangaziwa kanisani habari za kijiji cha wakoma kilichokuwa porini, mbele ya Sikonge. Watu thelathini na mmoja hawakuwa na cha kujifunika, na baridi ya Juni kule kwenye miombo haina huruma. Tuliombwa kila mmoja ale chakula cha senti kumi tu kwa siku, na alichookoa akitie katika sanduku la mablanketi. Tuliitikia kwa sauti kubwa. Ilipofika wiki ya pili wengi wetu tulikuwa tumekwisha kujisamehe. Getruda hakujisamehe. Mdogo wake, Mahona, alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja.

Senti kumi zilimpatia matobolwa, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, vya kujaza viganja viwili. Alivila jioni, akashushia maji, akalala.

Njaa aliiweza. Kilichomshinda ni majirani. Babu zetu waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani walisafiri kwa makambi, yaani vikundi vya kula pamoja, na kila kambi ilikuwa na chungu chake. Mpagazi aliyejitenga na chungu cha wenzake alishukiwa: ama ana chakula cha wizi, ama ana dawa mbaya. Misafara ilikwisha, desturi ikabaki. Katika ua wa Getruda wanawake wa nyumba tatu walikula pamoja kila jioni, kila mmoja akileta sufuria yake. Sasa Getruda hakuwa na cha kuleta, na kula cha wenzake kungekuwa kuvunja ahadi yake. Kueleza sababu hakutaka, kwa kuwa alifundishwa tangu utoto kwamba anayefunga hajitangazi. Basi jioni ilipofika aliingia ndani akafunga mlango.

Wiki ya tatu Apolinaria, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimngoja kizingitini.

"Shoga, hiyo nyama yako ina haya? Mbona haitaki kuonekana na watu?"

"Sina nyama, Apolinaria."

"Basi ni kuku."

Wenzake wakacheka. Getruda akasema, "Nimeshiba, dada. Kuleni."

"Umeshiba nini na moshi hatukuuona? Mwenzetu siku hizi unapika bila moto. Utufundishe na sisi, kuni zimepanda bei."

Maneno yale yalianza kama mzaha, yakaishia sokoni. Kabla ya Pasaka wateja walikuwa wameanza kupita mbali na karai lake, maana nani ajuaye mtu anayekula gizani anatia nini katika unga? Vitumbua vilivyobaki aliwapa watoto wa njiani, na mama zao wakawanyang'anya wakavitupa. Hata hivyo kila Jumapili alikwenda kwenye sanduku, akatia, akarudi kimya. Hakuna katika parokia yetu aliyetia zaidi yake.

Mwezi wa Mei kamati ya parokia ilifungua sanduku. Mwenyekiti wake, Nikolaus, karani wa bohari moja mjini, alisema kwamba jambo jema kama hili haliwezi kufanywa kimyakimya, na kwamba wageni wa heshima hawaalikwi wakapewa maji matupu. Akachinjwa ng'ombe. Ukanunuliwa mchele, samli na sukari. Kilichobaki kilinunua mablanketi tisa, yakapangwa mezani yakiwa yamefungwa utepe, watu wakapiga makofi.

Getruda alipoyahesabu alimwendea mwenyekiti.

"Bwana Nikolaus, na wale ishirini na wawili?"

"Mwakani, mama. Mambo mema huenda polepole. Kaa ule."

Akapewa sahani ya pilau iliyojaa nyama. Akairudisha mezani bila kuionja.

"Mwacheni huyo," Apolinaria akasema kwa sauti ya kusikika. "Hali mbele za watu."

Uwanja mzima ukacheka. Kati yetu walikuwapo waliojua ni nani aliyelijaza lile sanduku, na hakuna aliyesimama kusema. Mimi nilikuwa mwalimu wao wa dini. Nilikuwa na sahani yangu mkononi, nami nikaimaliza.

Yale tisa waligawiwa wazee wa kijiji kile. Mahona alikuwa kijana, hakupata. Baridi ilipoingia Getruda alikunja blanketi lake mwenyewe, la pekee alilokuwa nalo, akapanda lori lililokwenda Sikonge kuchukua nta, na kutoka hapo akatembea. Alimkuta mdogo wake na wenzake wameuzunguka moto, yeye kajifunika gunia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mahona alimtazama usoni, akaitazama mikono yake.

"Umekonda hivi. Tabora kuna njaa?"

Getruda alimvua gunia, akamfunika lile blanketi, akalikaza shingoni. Wenzake walilitazama, kisha wakausogelea moto.

"Hakuna njaa," akajibu. "Watu wanakula."