Nilipokuwa Akiba wa Mattias

Mwanangu Furaha, kuna siku moja ambayo haijanitoka akilini hadi leo nilipoota mvi. Ni siku ile Mattias aliposhindwa kufunga kamba za viatu vyake.

Nitakueleza Mattias ni nani. Lakini kwanza nikukumbushe maneno uliyoyasema Jumapili, tulipokuwa mezani kwa mama yako kule Rissne. Nilikupongeza kwa kuchaguliwa timu ya taifa ya ngumi, nawe ukanijibu kwa Kiswidi, kama ilivyo kawaida yenu watoto mliozaliwa huku: "Bara reserv, morbror." Akiba tu, mjomba. Kisha ukamtaja yule binti aliyechaguliwa mbele yako, ukasema labda Mungu atajalia avunjike mkono kabla ya mashindano ya kufuzu. Ukacheka, na ndugu zako wakacheka. Mimi nikaendelea na maharage yangu. Sikukasirika, mwanangu. Mawazo yalikuwa yamenipeleka mbali.

Mimi pia nilikuwa akiba. Najua mama yako hapendi kuzungumza habari za ngumi zangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akinikanda uso kwa barafu huku akilia kuliko mimi niliyepigwa. Tulikuja Uswidi wawili, mimi na yeye, tukitokea Bujumbura, na shangazi yetu Yudita akatupokea kwake Fittja akatulea. Hukumkuta, Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwimbaji wa kanisani, na kazi yake ilikuwa kuendesha basi. Abiria wa Fittja walimjua, maana kijana akipanda na kuweka miguu juu ya kiti, Shangazi alisimamisha basi mpaka iteremke.

Ngumi nilijifunza Hagsätra, katika ukumbi uliokuwa chini ya jengo la gorofa, usio na dirisha. Huko ndiko nilikokutana na Mattias. Alikuwa Mswidi wa hapo hapo mtaani, mwenye nywele nyekundu na mdomo usiotulia. Siku yangu ya kwanza nilikuja na raba za kuchezea mpira. Hakunicheka, aliniazima viatu vyake vya zamani vya ulingoni. Tulikuwa wa uzito mmoja, kwa hiyo tulipigana mazoezi karibu kila jioni, na tukitoka hapo tunakula pamoja. Hivyo ndivyo urafiki wa mabondia ulivyo, watu wa nje hawauelewi.

Nilipopata uraia, makocha wa taifa waliniita. Sheria wewe unaijua, lakini nitaisema kwa ajili ya wadogo zako. Katika mashindano ya kufuzu kwenda michezo mikubwa ya dunia, kila nchi huleta bondia mmoja tu kwa kila uzito. Wa pili huandikwa akiba. Akiba hufanya yote anayofanya mwenzake: hukimbia, hupimwa na daktari, hulinda kilo zake hata shangazi akipika ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Lakini hupanda ulingoni iwapo tu yule wa kwanza ameondolewa kabla ya kupima uzito na kupangwa droo. Droo ikishachezeshwa, mlango umefungwa. Mattias alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa akiba wake.

Na mwaka ule mashindano yalikuwa hapa hapa Stockholm. Fikiria, mwanangu! Watu wa Fittja wangekuja, kwaya yote ya Shangazi ingekuja, nami nikae kwenye benchi nikiwa nimebeba taulo.

Wiki ya mwisho tulipigana mazoezi mara ya mwisho. Nilimwingizia ngumi ya kushoto, ikampata juu kidogo ya sikio. Ilikuwa ngumi halali kabisa. Alipiga goti, akainuka papo hapo akicheka, akasema mkono wangu umeanza kuwa mtu mzima. Kocha alikuwa na jozi nyingine upande wa pili, hakuona. Tukamaliza raundi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo ndipo nilipomwona. Ameketi, ameshika kamba za kiatu, anazitazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Alijaribu kuzifunga, zikamponyoka. Akajaribu tena. Halafu akakimbilia sinki akatapika. Aliponigeukia, macho yake yalikuwa hayanioni vizuri.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nimechoka tu. Kesho nitakuwa mzima."

Kesho yake hakuwa mzima. Alikuja amevaa kofia hadi machoni kwa sababu mwanga ulimuumiza, na aliniuliza swali lile lile mara mbili bila kujua amekwisha kuniuliza. Mbele ya kocha alijikaza, akaruka kamba, akatania watu kama kawaida. Hakuna aliyegundua. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoona taabu. Ningesema, Mattias angeondolewa, na nafasi ingekuwa yangu. Nani angeamini kwamba nimesema kwa kumpenda? Ngumi iliyomuumiza ni yangu, ulimi uliomchongea ni wangu, na tiketi ni yangu! Na ningenyamaza, angepanda ulingoni na kichwa kile.

Nikamfuata Shangazi Yudita kazini. Nilimkuta mwisho wa njia, basi tupu, milango wazi, anapumzika na chapati na chai ya chupa. Nilimweleza yote. Alitafuna polepole, kisha akauliza, "Kwa nini hujamwambia daktari?"

"Watasema nimeitamani nafasi yake."

"Na hukuitamani?"

Kudanganya mbele ya Shangazi ilikuwa kazi bure. "Naitamani, Shangazi. Naitamani sana."

Akaweka kikombe chini. "Basi nisikilize. Unaogopa kusema kweli kwa kuwa safari hii kweli ina faida kwako. Unataka watu wakuone msafi, na mwenzako aende kaburini ili wewe usisengenywe. Usafi gani huo? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe unayemsaidia kuyaficha, utasimama mbele ya mama yake useme nini?"

Nilitazama sakafu ya basi. Sijawahi kupigwa ulingoni kama nilivyopigwa pale.

Alipoona nimeinama, sauti yake ikalainika. "Usimwendee daktari kwa mlango wa nyuma. Mwambie Mattias kwanza, macho kwa macho. Na nafasi ikija, ipokee. Kuikataa hakutamponya. Kutakufanya uonekane mwema tu, basi." Abiria wakaanza kupanda. Akafuta mikono, akafunga mkanda. "Haya, keti. Basi linaondoka."

Nilimkuta Mattias nje ya stesheni ya Hagsätra. Nikamwambia, nenda kwa daktari wa timu mwenyewe leo. Usipokwenda, nitakwenda mimi. Alinisihi kwanza. Aliniambia baba yake amekwisha kuwanunulia jamaa zake wote viingilio. Kisha akabadilika.

"Umengoja hili," alisema. "Tangu siku ile nilipokupa viatu vyangu, umekuwa ukingoja."

Neno hilo liliniingia mpaka kwenye mfupa. Nikamjibu, "Sema unavyotaka. Mimi nataka uwe hai." Akanipa mgongo akaondoka. Nilimsubiri nje kwa daktari mpaka saa zake za kazi zikakaribia kuisha, hakuja. Nikaingia mimi.

Daktari, mama mmoja mpole asiye na maneno mengi, alimwita, akamwambia asimame kwa mguu mmoja amefumba macho. Mattias akayumba. Hospitali wakapiga picha ya kichwa, wakakuta damu imevuja kidogo ndani. Hakurudi nyumbani siku hiyo, na jina lake likafutwa. Jina langu likaandikwa.

Usidhani walinipigia makofi, mwanangu. Wenzangu wa timu walinisalimu kwa ncha za vidole. Siku ya kupima uzito nilisimama juu ya mizani, hakuna hata mmoja aliyenitania, na sisi mabondia tunavyotaniana wewe unajua. Pambano langu la kwanza, jamaa wa Hagsätra walikaa kimya kama wako msibani. Ghafla nikasikia vigelegele kutoka juu kabisa ya ukumbi. Ni Shangazi, bado amevaa sare ya basi, peke yake kati ya watu walionuna, anapiga vigelegele vya Buyenzi, kule mitaani Bujumbura, bila kumjali mtu!

Nilishinda siku hiyo. Nikashinda tena. Nusu fainali nikapigwa na kijana mmoja mwenye mikono mirefu kama makasia. Washindi wa nusu fainali walifuzu. Sisi tulioshindwa tukakutanishwa kugombea nafasi moja iliyobaki. Nilitoa vyote nilivyokuwa navyo. Majaji wakampa mwenzangu, kwa pointi chache. Nilimshika mkono, maana asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini bafuni nililia kama mtoto.

Na bado sikuwa huru! Nilikuwa wa kwanza nyuma ya mstari: mmoja wa waliofuzu akijitoa, ningeitwa mimi. Kwa hiyo nikawa akiba tena, msimu wote wa joto, nikikimbia kando ya ziwa huku watu wanachoma nyama na harufu yake inanitesa. Simu haikulia. Siku ya ufunguzi wa michezo nikawatazama wenzangu wakiandamana kwenye televisheni, mimi na Shangazi kwenye kochi. Jioni ile alinipikia sombe sufuria nzima, akaniambia nile mpaka nishindwe.

Mattias hakunisemesha muda mrefu. Hata majani yalikuwa yamekwisha kuanguka alipokuja ukumbini, akasimama mlangoni na koti lake. Daktari alikuwa amemwambia hatapigana tena maisha yake yote. Akaniambia pia kwamba wamemweleza ngumi moja nzito juu ya ile ya kwanza ingetosha kummaliza.

"Bado nina hasira nawe," alisema. "Sijui itaisha lini. Lakini mama anasema uje ule kwetu Jumamosi."

Nilikwenda. Mama yake alinikumbatia pale mlangoni, hakuniachia upesi. Tulikula samaki na viazi, na Mattias akanisukumia bakuli la mchuzi bila kunitazama. Hasira yake ilichukua muda kuisha. Ikaisha. Leo ana watoto watatu, na mdogo kabisa ni mimi niliyemshika kanisani akibatizwa.

Kwa hiyo, Furaha binti yangu, nasaha zangu ni hizi. Kuwa akiba si aibu. Akiba ni mtu anayeaminiwa kuwa tayari, basi kuwa tayari kweli kweli, hata kama hutaitwa, na huenda usiitwe. Mimi mara ya pili sikuitwa, na sikufa. Yule binti aliye mbele yako usimtakie kuvunjika, hata kwa mzaha wa mezani, kwa kuwa ulimi huzoea, na moyo huufuata ulimi. Mwombee afike mzima, na ukiona anaumwa na anajificha, sema, hata kama kusema kutakufaidi wewe na watu watakunyooshea vidole. Kweli haigeuki kuwa dhambi kwa sababu imekuletea faida. Na nafasi ikikujia kwa njia ya haki, panda ulingoni na kichwa juu, usimwombe mtu radhi.

Mungu akulinde kichwa na mikono, mwanangu. Akupe marafiki watakaokukasirisha kwa kukuambia kweli, nawe uwe rafiki wa namna hiyo. Na ukitajwa jina lako ukumbini, iwe kwa ushindi au kwa kushindwa, usikose wa kukupigia vigelegele. Amina.