Mshenga wa Meza ya Katikati

Hebu mtazame anavyoingia. Mlango wa kioo anausukuma kwa bega, maana mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa na mwingine umebandika simu sikioni, na kwenye simu hiyo hakuna mtu. Anaiweka pale ili aonekane anatafutwa. Kadi ya kazi inaning'inia kifuani kama kengele ya mbuzi. Akishafika katikati ya chumba anashusha simu, anashusha pumzi, kisha anaanza kugawa maneno.

"Dada yangu, habari ya asubuhi. Mwenzako leo usimguse, nimekutana naye kwenye ngazi, uso umekunjamana."

Anageuka upande wa pili, sauti anaipunguza.

"Kaka, za kwako? Yule leo muache kwanza. Kaamka vibaya."

Ukitaka kujua, ngazini hakukutana na mtu. Alipanda lifti, tena peke yake.

Wenzake wanamwita Mshenga. Jina analijua na linampendeza, kwa sababu hajawahi kujiuliza mshenga hubaki na kazi gani bwana na bibi wakishaoana. Kwenye karatasi za ofisi yeye ni mratibu wa mawasiliano. Kazi yenyewe, tukiivua koti, ni hii: kuna mwanamke anayetengeneza kile ambacho abiria anakiona kwenye simu anapokata tiketi ya basi, wanamwita Dada Skrini. Kuna mwanamume anayetengeneza mashine isiyoonekana, ile inayojua kiti gani kimeuzwa na kipi bado, huyo ni Kaka Seva. Meza zao zinatazamana. Katikati ipo meza ya Mshenga, na kila neno linalotoka huku kwenda kule sharti lipite kwake. Utaratibu huo aliutunga mwenyewe. "Ili tusigongane," alisema siku hiyo, na watu wakapiga makofi, maana kikao kilikuwa kirefu na chai ilikuwa inapoa.

Kuwatenganisha wale wawili hakukumtoa jasho. Kwa dada alinong'ona kwamba kaka ana presha, ukimbishia anaweza kuangukia hapa hapa. Kwa kaka alinong'ona kwamba dada ni mwepesi wa machozi, ukimsahihisha atalia hadi jioni. Wote wawili ni watu wenye huruma, basi wakaacha kuzungumza. Na huruma yao ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye.

Usidhani alikuwa na haya. Ukutani alibandika bango kubwa, HAPA TUNASEMA WAZI, lenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Alilibandika juu ya swichi ya taa. Mpaka leo ukitaka mwanga katika chumba kile unapapasa chini ya uwazi kama mtu anayetafuta kiroboto. Kila wiki aliwaketisha watu mduara na kuwahimiza wafungue mioyo, na akisikia moyo unaanza kufunguka kweli, alitazama saa.

Kilichokuwa kinamkosesha raha siku hizo ni kauli moja ya mkurugenzi. "Tukishakabidhi huu mfumo wa mabasi," mama yule alisema, "nitaamua. Ama wewe nikupe cheo cha kudumu, ama hawa waongee wenyewe na meza yako tuitoe." Basi Mshenga aliapa moyoni kwamba hadi siku ya makabidhiano, kati ya wale wawili hapatasikika hata kikohozi ambacho hakukipitisha yeye.

Ndipo likaja swali la kiti.

"Mshenga," Dada Skrini alimwita, "muulize mwenzangu. Abiria akishachagua kiti, skrini iiulize seva tena kabla hajalipa, au lile swali la kwanza linatosha?"

Mshenga aliinuka, akavuta shati, akatembea hatua zile chache kwa mwendo wa balozi. Swali akalifikisha.

"Lazima iulize tena!" Kaka Seva alijibu bila kuinua macho. "Isipouliza tutauza kiti kimoja kwa watu wawili. Hata mtoto wa chekechea anaelewa hilo."

Mshenga akarudi kwa dada, aliyekuwa ameshajiziba masikio kwa muziki, kama kawaida yake. Njiani alifanya lile analojisifia hata kwa majirani: alilipiga jibu msasa. Chekechea akaiondoa, ilikuwa na makali. Watu wawili kwenye kiti kimoja akawaondoa, walikuwa wanatisha. Lile neno lazima nalo likamkwaruza, lina sauti ya amri, akaliondoa pia. Kilichofika kwa dada kilikuwa laini kama tope.

"Anasema ukipenda, unaweza kuuliza tena. Ila si lazima ujisumbue."

"Basi naacha," dada akasema. "Nina kazi nyingi."

Mshenga akakaa, akajimiminia kahawa, akajiona mtu wa amani. Mfumo ulijaribiwa, ndiyo, lakini kila aliyeujaribu aliujaribu peke yake, akapata kiti chake bila kugombana na mtu.

Siku ya makabidhiano alikuja mwenye mabasi, mama mnene wa sauti nzito, na kondakta wake mkuu nyuma. Mshenga alishavaa tai. Alizungumza kwanza, kwa muda mrefu, juu ya daraja analolijenga kati ya watu, mpaka Mama Mabasi akamkata.

"Mwanangu, daraja nimelisikia. Mimi nauza viti."

Wakatoa simu, yeye na kondakta, wajaribu kukata tiketi.

"Mimi nachukua cha dirishani, nyuma ya dereva," alisema mama.

"Mbona na mimi nimechukua hicho hicho?" kondakta akasema. "Na kimekubali."

"Kimekubali vipi, na tiketi yangu hii hapa?"

"Na yangu hii hapa, mama."

Mama Mabasi alizilaza simu mbili mezani, ubavu kwa ubavu, akazitazama, akamtazama kondakta. "Haya. Nani anampakata mwenzake?"

Mshenga alisimama haraka. "Mama, hii ni changamoto ndogo tu, wataalamu wangu..."

"Kaa," mkurugenzi alisema.

Dada Skrini, kwa mazoea, alimgeukia. "Mshenga, mwambie anieleze kwa nini seva imekubali mara mbili."

"Mwambie nani?" Mama Mabasi alishangaa. "Si huyu hapa mmekaa mnatazamana? Ana ugonjwa wa kuambukiza?"

Dada akageuza shingo polepole, kama mlango uliokaa bila mafuta.

"Kaka... kwa nini imekubali mara mbili?"

"Kwa sababu skrini yako haikuuliza tena. Si nilisema lazima?"

"Lazima? Mimi niliambiwa ukipenda."

"Ukipenda! Nani kasema ukipenda?"

Macho yote yakahamia kwenye tai.

"Nilipunguza ukali kidogo tu," Mshenga alisema. "Kwa ajili ya amani. Alikutaja pamoja na watoto wa chekechea, dada, sasa mimi nikuletee maneno kama hayo?"

"Ungeniletea! Chekechea ningemrudishia mwenyewe, ile lazima ningebaki nayo." Akamgeukia kaka. "Na mimi miezi yote hii nakuogopa, eti una presha."

"Presha ya nani? Mimi? Niliambiwa wewe nikikusahihisha utalia."

"Nilie! Nimekua na kaka watano, mimi ndiye niliyekuwa nawaliza."

Kondakta aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Mama Mabasi aliomba chai, akasema atasubiri. Dada akabeba kompyuta yake hadi kwa kaka, na kwa kuwa meza ya katikati iliziba njia, waliisukuma kwa nyonga bila hata kuangalia imefika wapi. Chai ya pili haijaisha, kiti kikawa kinauzwa kwa mtu mmoja. Muda wote huo Mshenga aliwazunguka. "Dada, anachotaka kusema ni..." "Nimemsikia." "Kaka, mwenzako hapa ana maana..." "Kaeleweka."

Mkurugenzi alimwita pembeni, hakumgombeza. "Kesho asubuhi njoo tuongee. Wewe na mimi tu, bila mtu katikati."

Alikwenda nyumbani jua bado halijazama, tai imo mfukoni. Njiani alijiliwaza kwamba kuna pahali hawawezi kuishi bila yeye. Mkewe na mama yake, kwa mfano. Tangu aoe, ndiye anayewapatanisha: kwa mama, mke ana shughuli; kwa mke, mama ana kisirani. Kila Jumapili anatoka nyumba hii kwenda ile kubeba salamu, na kila salamu anaipiga msasa.

Mlangoni alivua viatu. Kutoka jikoni alisikia mkewe anacheka, simu imewekwa sauti ya juu, na sauti iliyokuwa inajibu ilikuwa ya mama yake mzazi.

"Eti Jumapili kaniambia wewe hupendi nije, nakuchosha."

"Weee, mama! Mimi kaniambia wewe umenuna tangu sikukuu."

"Ninune nina kazi gani? Jana si tumeongea mpaka chaji ikaisha?"

"Sasa tumwambie kwamba tunaongea?"

"Mwache, mwanangu. Tukimwambia atafanya nini tena? Mwache abebe."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliozoeana siku nyingi.

Mshenga yuko pale pale barazani, kiatu kimoja mkononi. Mkono mwingine uko kwenye kitasa. Kwa miaka yote hii hajawahi kuingia chumba chochote bila kuwa na neno la mtu mwingine mdomoni. Haya, nakuuliza wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: akifungua mlango, atasema nini?